Lita Thelathini na Tano za Werema

Werema Mwita ameunguza ulimi mara nyingi kuliko mtu yeyote pale Gorong'a, na kila mara ni kwa chai ile ile ya asubuhi, kwa sababu hana uwezo wa kuisubiri ipoe. Kanisani hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Msibani hukaa upande wenye njia. Mkewe, Regina, ambaye yeye humwita Mama Ghati, alishaacha kumtengea kiti, maana chakula hukila amesimama, sahani mkono mmoja, macho nje. Ukimuuliza anaharakia wapi, atakutazama kwa mshangao wa kweli, kwani haendi popote.

Mtu wa namna hiyo Mungu akamjalia udereva, na hapo akapata nafuu kidogo. Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa barabarani, kumi na moja kati ya hiyo akiwa na kampuni ya Mapambazuko ya Tarime mjini, inayopeleka vyakula, vinywaji na saruji kwenye kambi za watalii upande wa Robanda. Akishika usukani wa Fuso lake la tani kumi, ile hali ya kuwashwawashwa na nafsi yake mwenyewe inatulia. Mwaka mmoja mgongo ulimlaza nyumbani wiki sita. Kufikia wiki ya pili alikuwa amepalilia shamba lake, la mdogo wake, na la jirani ambaye hakumwomba, na mgongo ukiuma vile vile. Regina ndiye aliyekwenda kwa daktari kumsihi amruhusu mumewe arudi kazini.

Nasema haya mapema ili msije mkamwona mbishi tu. Mwezi huo wa sita Werema alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa moja: kunyang'anywa gari.

Bosi wa zamani alikuwa akimsifia. "Werema ni risasi," alikuwa akisema mbele ya madereva wengine, na Werema anacheka huku akijifanya anakagua tairi. Bosi huyo alipostaafu, kampuni ikaajiri afisa usafirishaji, dada mmoja kutoka Moshi anayeitwa Honoratha, mpole wa sauti na mgumu wa hesabu. Honoratha alifunga kila gari kifaa cha kulifuatilia na kipimo ndani ya tangi la mafuta, akawaondoa matingo wote, wale wasaidizi wa madereva, ili kupunguza gharama, kisha akakaa ofisini na kompyuta yake wiki tatu bila kusema neno. Wiki ya nne akamwita Werema.

"Kaka Werema," alisema, "mzigo unatakiwa Robanda kabla ya saa sita mchana. Wewe unafika saa ngapi?"

"Saa nne, madam. Nne na nusu nikichelewa sana."

"Na ghala la kambi linaanza kupokea saa ngapi?"

"Saa tano."

"Kwa hiyo unafanya nini hiyo saa nzima?"

Werema alifikiri. "Natembea tembea," alisema.

Honoratha aligeuza kompyuta ili naye aone. Kutoka Tarime hadi Robanda, gari likiwa na mzigo, lita thelathini na tano zinatosha. Wenzake wote walikuwa hapo au karibu na hapo. Yeye alikuwa akitumia arobaini na tatu. Lita nane kila safari, alisema Honoratha, zinaungua ili mtu akatembee tembee Robanda. Akampa safari tatu za kujirekebisha. Ya tatu ikishindikana kwa mafuta, au gari likichelewa sana, funguo zitakwenda kwa mwingine, na yeye atapewa kazi stoo. Kazi ya stoo ni kukaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni na kuandika mifuko ya saruji inayoingia na inayotoka. Werema alikiangalia kile kiti wakati anatoka, akapita mbali nacho.

Safari ya kwanza aliiharibu kwa utii. Aliambiwa apunguze mwendo, basi akapunguza kweli kweli: gia ya tatu kutoka Tarime, injini ikilia njia nzima, akipitwa hata na bodaboda zilizobeba magodoro. Meno alikuwa ameyauma hadi taya zikauma. Alifika saa saba kasoro na alikuwa ametumia lita arobaini na nne. Honoratha alimweleza kwa simu, kwa subira yote, kwamba kwenda polepole kwa gia ndogo nako kunakunywa mafuta. Gari linataka gia kubwa na mguu mwepesi, mwendo ule ule usiopandapanda. Werema alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, wakati hajasikia zaidi ya neno arobaini na nne.

Safari ya pili akaenda na ujanja. Madereva wa zamani walikuwa na mtindo wao kwenye miteremko: unatoa gia, unaliacha gari lishuke lenyewe, wanaita kupiga frii. Aliupiga mteremko mrefu wa kuelekea Mto Mara namna hiyo, tani kumi za sukari na maji ya chupa zikimsukuma mgongoni, na kwa dakika mbili alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mkoani. Kisha akakanyaga breki na breki ikajibu kwa kuchelewa. Akakanyaga tena, harufu ya kuungua ikaingia ndani, ng'ombe wa watu wakakimbilia kwenye mahindi, na Fuso likasimama hatua chache tu kabla ya kona. Alitumia lita thelathini na sita siku hiyo. Honoratha, ambaye alikuwa ameuona mwendo wa tisini kwenye kompyuta yake, alisema hiyo haihesabiki, na kwamba akirudia hatasubiri safari ya tatu. Hayo ya breki Werema hakumsimulia mtu yeyote, hasa mkewe.

Ikabaki safari moja. Ilikuwa Alhamisi, na ilianza vibaya. Vibarua wa kupakia walichelewa, kisha mpishi wa kambi akapiga simu kuongeza mayai, na trei kumi za mayai zikafungwa kwa kamba kwenye kiti cha mlangoni kwa kuwa nyuma zingepondeka. Werema alizunguka gari lake mara nane. Alitoka Tarime saa moja na nusu badala ya kumi na mbili na nusu.

Mpaka Nyamwaga alijitahidi, naapa. Alikuwa na kioo kidogo mbele yake kinachoonyesha lita, akakitazama kama mtu anavyotazama dozi ya dawa. Gia kubwa, mguu mwepesi. Lakini Nyamongo kulikuwa na msongamano wa malori na bajaji, akasimama dakika ishirini nyuma ya lori la mchanga, na huko kusimama ndiko kulikommaliza. Mguu wa kulia ulianza kutetemeka. Njia ilipofunguka tu, mwenyewe hakujua ameamua saa ngapi, mguu ulikuwa chini na Fuso linaruka. Akapita magari matatu. Akapiga breki kwenye tuta, akapanda, akakanyaga tena, akapiga breki tena. Alipovuka daraja la Mto Mara kioo kilisema lita kumi na nane, nusu ya haki yake yote, na nusu ya safari ilikuwa bado haijafika. Alipiga usukani kwa kiganja. Alijitukana kwa Kikurya, kwa sauti, matusi ambayo siwezi kuyaandika, na kwa kitambo kidogo machozi yalimlengalenga. Aliona kiti cha plastiki.

Saa nne kamili, njiapanda ya Mbalibali, mwanaume mmoja alisimama katikati ya barabara akipunga tawi la mti. Pembeni yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa mama mtu mzima amejifunga kitenge kichwani.

Werema alimtambua yule mama kabla gari halijasimama vizuri. Alikuwa mama mkwe wake.

Kwa wasiojua desturi ya kwao: mama mkwe hasogelewi. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Hampeani mkono, hamli pamoja, hamtazamani machoni. Hakuna chuki ndani yake hata chembe; ni heshima tu, ila ni heshima nzito kiasi kwamba ukiitazama kwa mbali unaweza kudhani ni woga. Katika miaka kumi na minne ya ndoa, Werema na mama huyu walikuwa hawajawahi kukaa chumba kimoja. Maneno yote baina yao yalipitia kwa Regina.

"Dereva, tusaidie," alisema yule mwanaume, akipanda kwenye ngazi ya mlango upande wa abiria. Alijitambulisha kuwa anaitwa Simioni, mzee wa kanisa na jirani wa mama huyu. "Macho yamemfunga kabisa, mtoto wa jicho pande zote mbili. Madaktari wa macho wako hospitali Mugumu, leo ndiyo siku ya mwisho, na wanaandikisha mpaka saa tano. Noah ya abiria ya asubuhi imekufa gia pale juu. Hata bodaboda hawezi kukaa, anaogopa kuanguka. Nakuomba, ndugu yangu."

Kampuni inakataza kabisa kubeba abiria. Hilo Werema alilikumbuka, na mnisamehe kwa niaba yake, halikuwa la kwanza kichwani. La kwanza ni kwamba mama mwenyewe, akijua ni nani aliyeshika usukani, hatapanda. Afadhali abaki kipofu. La pili ni kwamba haoni. Angalau Simioni ndivyo alivyosema. Kama dereva hatafungua mdomo, mama atafika Mugumu bila kujua amefikishwa na nani, na aibu yote itabaki upande mmoja.

Akamwonyesha Simioni kwa kichwa kwamba ampandishe.

Simioni akampandisha, akamfunga mkanda, akamwekea kifuko chake mapajani, mwenyewe akabaki kwa kukosa nafasi. Na hapo ndipo Werema alipoona kosa lake. Kiti cha mlangoni kilikuwa cha mayai. Mama mkwe aliketi katikati, magoti yake yakielekea kwenye fimbo ya gia, kiasi cha shubiri moja tu katikati.

"Shikamoo" ndilo neno ambalo mtoto wa watu angelitoa hapo. Werema alilimeza. Alipasha injini kidogo, jasho likimtoka nyuma ya masikio.

"Marahaba," alisema mama, kama vile amesalimiwa.

Gari likaondoka.

Sasa fikirini hali ya mtu huyu. Kila akibadilisha gia, mkono wake unapita karibu na magoti ya mama mkwe. Akipiga breki ya ghafla, mama atatupwa mbele na yeye atalazimika kumdaka. Akikata kona kwa nguvu, mama atamlalia begani, na baada ya hapo Werema atalazimika kuhama wilaya. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo Honoratha alikuwa amelifundisha mara tatu bila mafanikio. Alipanda mpaka gia kubwa, taratibu, na alipoifika akaiacha hapo. Alitazama mbali. Alipoona mbuzi mita mia tatu mbele, aliondoa mguu kwenye mafuta kabisa, akaliacha gari likiwa ndani ya gia lipungue lenyewe, na mbuzi wakapita na breki haijaguswa. Tuta likionekana, alilisubiri kwa mbali. Mlima ukija, aliuanzia chini kwa mwendo wa kutosha ili asije akashusha gia katikati. Mkono wa kushoto ulikaa kwenye usukani, umekakamaa, hautaki kabisa kwenda kule kwenye fimbo.

Walikwenda hivyo kama kilomita tano. Kisha mama akaanza kuzungumza, uso mbele.

"Usijisumbue kujibu, dereva. Nasikia uko kazini. Mimi nikikaa kimya nasikia usingizi, na nikilala nitakuangukia."

Werema alishika usukani.

"Na mimi nina mkwe dereva," mama aliendelea. "Gari kubwa kama hili. Sura yake siijui sawasawa, kwa sababu ya mambo yetu haya. Ninayemjua mimi ni mtu anayeondoka. Anakuja kwangu na mchele na sukari, anaiweka kwa kijana wangu nje, mimi niko ndani nasikia injini haijazimwa. Hata siku moja hajazima. Naambiwa ni mtu mzuri. Nasikia hanywi, hampigi binti yangu, ada za shule analipa. Basi nakaa ndani nasema, Mungu, asante kwa mkwe mzuri, lakini huyu mtu anakimbizwa na nani?"

Barabara ilikuwa na mabonde pale. Werema aliyapita moja moja.

"Mimi naomba kila siku gari lake liharibike," mama alisema, na akacheka kidogo. "Usinishangae. Naomba liharibike tu, lisianguke. Liharibike pahali penye kivuli, akae chini ya mti siku mbili, akose la kufanya. Mwezi uliopita binti yangu alikuja kunisaidia kuvuna. Usiku namsikia haamki wala halali. Asubuhi nikamwambia, mwanangu, una nini? Akasema, mama, mimi ni mjane ambaye mume wake bado hajafa. Nimeshajifunza kazi zote za mjane. Najua kuuza ng'ombe mwenyewe, najua kukodisha trekta mwenyewe, nimeshawaambia watoto wakae karibu na baba zao wadogo. Akasema hivyo huku anapepeta mtama, dereva, hata halii."

Werema aliyajua yale yote ya ng'ombe na trekta. Alikuwa akijisifu kwa wenzake kwamba ana mke hodari. Alikuwa akisema, Mama Ghati hanitegemei kwa chochote. Sasa lile neno likamrudia.

"Huyo mkwe wangu," alisema mama, "mimi sina ruhusa ya kumwambia. Mama yake marehemu. Binti yangu anaogopa akimwambia atakimbia zaidi. Sasa nani amwambie? Ndiyo hapo nasema, ningempata mtu wa kazi yake, dereva mwenzake, ningemwambia, mkikutana huko mbele ya safari mfikishie. Mwambie mama mkwe wake hataki mchele. Mwambie azime gari."

Baada ya hapo hakusema tena. Alishika kifuko chake kwa mikono miwili na kutikisika na barabara.

Waliingia Mugumu saa tano kasoro dakika kumi. Getini mwa hospitali Werema alishuka, akamkimbilia nesi mmoja aliyesimama na daftari, akamweleza kwa kunong'ona, mbali na gari. Nesi huyo, Jesca jina lake, alitafuta foleni, akatafuta kitambulisho, akapotea, akarudi, na Werema alisimama pale bila kutembea tembea hata hatua moja, akimwangalia mama mkwe wake kwa mara ya kwanza maishani kupitia kioo cha mbele. Alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania. Jesca alimshusha, akamshika mkono, akamwambia twende, bibi.

Mama hakwenda. Aliachia mkono wa nesi, akaligeuzia gari mgongo, akavuta kitenge mpaka kikafunika uso wote, akainamisha kichwa kuelekea ukuta na kutulia hivyo. Nesi, ambaye alikuwa mtu wa Bukoba, alidhani bibi anaumwa kichwa. Lakini dereva wa kupewa lifti haagwi hivyo. Hivyo anaagwa mkwe, na mkwe peke yake.

Werema alielewa. Mama alikuwa anajua. Kama macho hayakuona, masikio yalikuwa yamesikia injini ile nje ya nyumba yake kwa miaka mingi. Alikuwa anajua tangu njiapanda, alipokaa juu ya ndoo, na bado akapanda, akakaa shubiri moja kutoka kwenye mkono wake, akajifanya kipofu zaidi ya alivyo ili aweze kusema. Mama wa watu alikuwa ameivunja heshima ya maisha yake yote kwa kilomita ishirini na tano.

Akaingia ndani ya gari haraka, ili mama asiendelee kusimama kwenye jua.

Saa tano na dakika tano. Kioo kilisema lita ishirini na nne. Robanda ilikuwa mbele, na kwa barabara ile, mwendo aliotoka nao Mbalibali ungemfikisha saa sita na robo hivi. Mwendo wake wa siku zote ungemfikisha kabla ya saa sita, na lita zingepita thelathini na tano. Huku anapoteza funguo, na huku pia funguo. Kiti cha katikati kilikuwa kitupu sasa. Angeweza kukanyaga apendavyo. Mguu wa kulia ulikuwa unawasha kuanzia unyayoni mpaka kwenye paja.

Hakukanyaga. Msidhani alikuwa ametulia kwa sababu hiyo. Alipanda mpaka gia kubwa akaliacha gari hapo, na njia nzima alikuwa akiimba nyimbo za kwaya nusu nusu, akizungumza na mayai. Alipofika karibu na Robanda, nyumbu walikuwa wanavuka barabara, kundi refu lisilo na haraka, wakitoka kwenye mashamba ya watu walikofanya walichofanya. Siku nyingine angeliwapigia honi mpaka wafungue njia. Alisimama. Akahesabu hadi hamsini. Kisha akazima injini, na kimya kilichoingia ndani ya kabini ile kilikuwa kigumu kwake kukivumilia, na akakivumilia, dakika kumi na moja nzima.

Alifika kambini saa sita na dakika ishirini na tano. Mtunza ghala, Anselm, aliandika saa hiyo kwenye karatasi ya mzigo, akaipigia mstari chini, na akasema chakula cha wageni kimeshaanza kuandaliwa, angoje. Hakuna yai lililopasuka.

Simu ya Honoratha iliingia kabla hajashuka.

"Umechelewa dakika ishirini na tano," alisema.

"Nimechelewa, madam."

"Ulisimama Mbalibali dakika sita na Mugumu hospitali dakika kumi na tano. Kulikuwa na nini?"

Werema angeweza kusema tairi. Madereva wote husema tairi. "Nilimbeba mama mgonjwa," alisema. Kumtaja ni nani hakuweza, hata kwa mtu wa Moshi.

Vidole vya Honoratha vilisikika kwenye kompyuta. "Kubeba abiria ni kosa, kaka Werema, na barua ya onyo nitaiandika, tena leo. Lita ni thelathini na nne." Akabofya tena. "Kuanzia Mbalibali sijawahi kuona gari la kampuni hii likiendeshwa hivyo. Nitaichapisha hiyo, niwaonyeshe wenzako. Ulifanyaje?"

"Niliogopa," alisema Werema.

"Basi endelea kuogopa. Funguo kaa nazo. Na Jumatatu utoke mapema."

Alishuka. Alitegemea furaha, na ilikuja, ila ilikuja ndogo na kuondoka, na nyuma yake kulibaki kitu kingine kinachomsukuma kifuani. Aliwatazama vibarua wakifungua turubai. Alikaa kwenye kokoto kando ya tairi, akasimama, akakaa tena. Kisha akatoa simu na kumpigia mkewe, saa saba kasoro mchana, siku ya kazi, jambo ambalo katika miaka kumi na minne alikuwa hajawahi kulifanya.

Iliita mara moja tu.

"Halo," alisema Regina. Sauti yake ilikuwa imenyooka, ya mtu aliyeifanyia mazoezi. "Wewe ni nani? Hiyo simu umeiokota wapi?"

Werema aliitazama simu, akairudisha sikioni.

"Usinifiche, ndugu yangu," alisema Regina. "Mwenye hiyo simu ni mume wangu. Niambie ni barabara gani, na kama yuko hai."

"Ni mimi," alisema Werema. "Mama Ghati, ni mimi mwenyewe. Niko Robanda. Nimefika salama."

Alisikia jembe likianguka. Kisha akasikia pumzi zake zikipanda na kushuka, na Werema akabaki amekaa kwenye kokoto, simu sikioni, akimsubiri amalize kulia.